Kwao ni Wapi? Kisa cha Kijiji cha Waswidi Kando ya Mto Dnipro

Fungua ramani kwenye simu yako. Tafuta Bahari Nyeusi, kisha panda upande wa kaskazini mpaka uone mto mkubwa ukiingia baharini. Huo ni Dnipro. Ufuate kuelekea unakotoka: upite mji wa Kherson, upite Nova Kakhovka, upite mji mdogo wa Beryslav kwenye ukingo wa kulia. Songa mbele kidogo tu na utaona kijiji kinaitwa Zmiivka. Ukikuza picha, utaona nyumba zenye bustani, barabara zilizonyooka, mashamba mapana na makanisa. Kwa macho tu hakuna la ajabu. Vijiji vya aina hiyo vimejaa kusini mwa Ukraine.

Lakini sehemu moja ya Zmiivka ina jina lingine la zamani. Waukraine waliiita Staroshvedske. Waswidi wanaiita Gammalsvenskby. Majina yote mawili yanasema kitu kimoja: kijiji cha kale cha Waswidi. Sasa jiulize. Kutoka hapo hadi Stockholm ni zaidi ya kilomita 1,500. Waswidi walifikaje katikati ya nyika ya Ukraine? Na wakishafika, ukimuuliza mmoja wao, "Kwenu ni wapi?", akujibu nini?

Swali hilo la pili ndilo lililonishika. Kwa muda wa zaidi ya miaka 200, wakubwa mbalimbali wamekuwa wakiwajibia watu hawa swali la kwao ni wapi. Na karibu kila jibu lilikuja na amri ya kufunga virago.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana bila ardhi hakuna kisa. Kusini mwa Ukraine ni nyika: tambarare isiyo na miti mingi, upepo hauna cha kuuzuia, mvua ni ya kubahatisha. Kiangazi ni joto la kukausha koo, na wakati wa baridi mto unaweza kuganda. Hata hivyo udongo una rutuba, na ngano huupenda. Ukingo wa kulia wa Dnipro, kilipo kijiji, umeinuka juu na kukatwakatwa na makorongo. Zamani, ukisimama pale juu ukatazama chini, ungeona mto ukigawanyika katika vijito na visiwa, matete, mierebi na vidimbwi vilivyojaa samaki. Basi mtu wa kijiji hiki alikuwa na pande mbili za kutafutia riziki: juu alilima, chini alivua.

Hiyo ngano ya nyika si kitu kigeni kwetu. Sehemu ya ngano ya Ukraine hupakiwa melini kwenye bandari za Bahari Nyeusi na kuishia Mombasa. Wengi wetu tulilisikia jina la Kherson kwa mara ya kwanza mwaka 1922 ukiwa umeshapita karne nzima. Tulilisikia 2022, vita vilipopamba moto na chapati ikaanza kuwa chakula cha kufikiria mara mbili.

Nyika hiyo haikuwa tupu hata siku moja, ingawa wafalme walipenda kuandika hivyo. Watatari wa Crimea walilisha mifugo yao huko. Wakosaki wa Zaporizhia, wapiganaji waliokataa kutawaliwa, walikuwa na ngome zao kando ya Dnipro. Mwaka 1774 Urusi iliishinda Milki ya Uthmaniya na kujipatia njia ya kufika Bahari Nyeusi. Mwaka uliofuata, Malkia Catherine wa Pili akaamuru ngome kuu ya Wakosaki ivunjwe. Halafu eneo likapewa jina jipya, Novorossiya, yaani Urusi Mpya, na akatafutwa mtu wa kulijaza. Kazi hiyo akakabidhiwa Grigory Potemkin, kipenzi cha malkia. Potemkin alihitaji wakulima, na haraka.

Sasa hamisha ramani yako juu kabisa, hadi Bahari ya Baltiki. Kuna kisiwa ambacho Waestonia wanakiita Hiiumaa na Waswidi wanakiita Dagö. Waswidi walikuwa wameishi hapo tangu Enzi za Kati, wakilima na kuvua, jirani na Waestonia. Kwa muda mrefu kisiwa kilikuwa chini ya taji la Uswidi, lakini baada ya vita virefu kati ya Uswidi na Urusi, mkataba wa 1721 ukakithibitisha mikononi mwa Urusi. Watu hawakuhama. Serikali ndiyo iliyohama juu ya vichwa vyao.

Shida ikaja kwa mwenye ardhi. Kabaila wa ukoo wa Stenbock aliwataka wakulima hao wawe chini yake kama wakulima wengine wa eneo hilo, ambao walifungwa kwenye shamba la bwana na hawakuweza kuondoka bila ruhusa. Waswidi wa Dagö walisema sisi ni watu huru, na tuna haki tulizopewa na wafalme wa zamani. Kesi zikawa ndefu. Mwishowe yakakutana mahitaji mawili: kabaila alitaka kuwaondoa wakaidi, malkia alitaka kuijaza nyika. Jibu likapatikana bila wao kuulizwa sana. Watapewa ardhi kusini, watakuwa huru, nyumba zitakuwa zimejengwa. Waende.

Mwanzoni mwa miaka ya 1780 waliondoka, watu wapatao 1,000: wazee, wajawazito, watoto, na mali iliyoweza kuingia kwenye mkokoteni. Safari ilikuwa ya karibu kilomita 2,000, sehemu kubwa kwa miguu, na baridi ya Urusi iliwakuta njiani. Inakadiriwa kwamba nusu yao walikufa kabla ya kufika. Waliofika wakatazama huku na huku wakitafuta zile nyumba. Hazikuwepo. Palikuwa na nyika, mto na upepo. Mwaka wa kwanza ukawamaliza wengine wengi kwa maradhi na dhiki. Kitabu cha parokia kinasema kwamba Machi 1783 walikuwa wamebaki watu 135.

Soma tena hesabu hiyo. Kati ya kila watu saba au wanane waliotoka kisiwani, alibaki mmoja. Hicho ndicho kijiji chenyewe: mabaki ya msafara.

Wale 135 walifanya nini? Walikaa. Walichimba vibanda, wakajifunza udongo mpya na samaki wapya, wakazaa. Walishikilia vitu viwili ambavyo havikuweza kubaki kisiwani: lugha na dini. Kiswidi chao kilikuwa lahaja ya Dagö, na kwa kuwa walikaa mbali na Waswidi wengine, maneno ya kizamani yaliendelea kuishi vinywani mwao huku Kiswidi cha Stockholm kikibadilika. Kanisa lao lilikuwa la Kilutheri, katikati ya majirani wengi Waorthodoksi. Watoto walijifunza kusoma kwa vitabu vya sala na nyimbo. Kwa lugha ya mtaa tungesema ushago wao ulikuwa Dagö, ila ni ushago ambao hakuna aliyekuwa na nauli ya kuurudia.

Kuanzia mwaka 1804 walipata majirani wapya, Wajerumani walioletwa na serikali kwa ahadi zilezile za ardhi. Vijiji vitatu vikaota karibu yao: Schlangendorf, Mühlhausendorf na Klosterdorf. Sehemu ya ardhi ambayo Waswidi waliihesabu kuwa yao ikaenda kwa wageni hao, na mizozo haikukosekana. Lakini mipaka ya mashamba haikuzuia vijana kupendana, na kwa vizazi vilivyofuata koo za Kiswidi na za Kijerumani zikachanganyika. Schlangendorf maana yake ni kijiji cha nyoka. Waukraine wakalitafsiri jina hilo kwa lugha yao, ambamo nyoka ni zmiya, na hapo ndipo lilipotoka jina la Zmiivka.

Katika karne ya 19 wasomi wa Finland na Uswidi waligundua kwa mshangao kwamba kuna Waswidi kwenye nyika ya Urusi. Wakaja kuandika lahaja yao, na michango na vitabu vikaanza kufuata njia hiyo. Mwaka 1885 kijiji kilizindua kanisa jipya. Kabla ya hapo Uswidi ilikuwa kama hadithi ya bibi; sasa ilikuwa nchi inayoandika barua. Wazo la "kurudi nyumbani" likaanza kupata miguu, ingawa si wote walioliona vilevile. Familia nyingine zilichagua kwenda Kanada kutafuta ardhi.

Halafu ikaja karne ya 20, na hapo ndipo kisa kinakuwa kizito. Vita vya kwanza vya dunia, mapinduzi ya 1917, vita vya wenyewe kwa wenyewe ambapo majeshi tofauti yalipita kijijini kila moja likitaka farasi na nafaka, kisha njaa ya 1921 na 1922. Serikali ya Kisovieti ikaanza kubana kanisa na kujiandaa kuchukua mashamba. Wanakijiji wakiongozwa na mchungaji wao, Kristoffer Hoas, wakaomba kuhamia Uswidi. Mazungumzo yalichukua muda, lakini yakakubalika.

Katikati ya mwaka 1929 karibu watu 880 wakaondoka. Waliteremka Dnipro, wakavuka Bahari Nyeusi kwa meli hadi Romania, wakapanda treni kukata Ulaya. Agosti 1, 1929, walifika bandari ya Trelleborg, kusini mwa Uswidi. Waliopokewa pale walikuwa wanawake wenye vitambaa vya kichwa na wanaume wenye nguo za wakulima wa nyika, na Kiswidi chao kilisikika kama sauti ya kaburini. Prince Carl, aliyeongoza Msalaba Mwekundu wa Uswidi, alikuwepo kuwakaribisha. Magazeti yalishangilia: wana wamerudi nyumbani.

Subiri kwanza. Nyumbani gani? Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa Uswidi. Babu zao waliondoka Dagö, na Dagö sasa ilikuwa Estonia. Waswidi wa Uswidi waliwaona ndugu, ndiyo, lakini ndugu wa ajabu kidogo. Na shida kubwa haikuwa kuchekwa kwa lafudhi. Walitarajia kupewa ardhi wakae pamoja kama kijiji. Badala yake walitawanywa, familia hapa familia pale, kwa wenye mashamba ili wajifunze ukulima wa Kiswidi kwanza. Watu waliolima nyika kwa miaka 150 wakageuzwa wanafunzi na vibarua. Wengi baadaye walipata mashamba yao, hasa katika kisiwa cha Gotland, na wajukuu wao wako huko mpaka leo. Wengine wakaendelea na safari hadi Kanada. Lakini wapo waliokaa wakikumbuka mto.

Na wapo waliorudi. Kufikia 1931 watu wapatao 250 walikuwa wamerejea Ukraine, wakisukumwa na hamu ya kwao na kuvutwa na ahadi za wakomunisti wa Uswidi, waliosema kwamba huko sasa mkulima ndiye mwenye nchi. Pakaundwa shamba la pamoja la Waswidi lililopewa jina la Chama cha Kikomunisti cha Uswidi. Ilikuwa na maana kubwa kwa propaganda: tazameni, wameionja Ulaya ya mabepari na wamechagua kurudi.

Hebu angalia tarehe. Walirudi 1931. Njaa kubwa iliyoua mamilioni ya Waukraine, ile wanayoiita Holodomor, ilianza 1932. Serikali ilichukua nafaka kutoka kwa watu walioilima, ikawazuia wakulima kutoka vijijini kwenda kutafuta chakula. Waswidi walioonyeshwa kama ushahidi wa furaha ya Kisovieti wakaanza kuomba warudi tena Uswidi. Kuomba kuondoka kulikuwa kosa. Wengine walikamatwa kwa sababu hiyo. Mwaka 1937 na 1938, wakati wa kamatakamata ya Stalin, kuwa na ndugu ng'ambo kulitosha kumfanya mtu aitwe jasusi, na wanaume wa kijiji walipigwa risasi. Barua kutoka Gotland, ambayo zamani ilikuwa baraka, ikawa hatari ndani ya kabati.

Unaweza kuwalaumu kwa kurudi? Mimi nimejaribu, nikashindwa. Ukiwa umetawanywa katika nchi ambayo kila mtu anakuambia ndiyo kwenu lakini mwili wako haukubali, na unajua kuna mahali mama yako amezikwa, mahali ambapo unajua korongo gani lina kivuli na samaki gani hupita mwezi gani, utakaa?

Mwaka 1941 jeshi la Ujerumani liliteka eneo hilo. Kwa mujibu wa itikadi ya Hitler, Waswidi na Wajerumani wa kijiji walikuwa damu safi. Kwa hiyo Wajerumani walipoanza kushindwa na kurudi nyuma, mwaka 1943, waliwachukua wanakijiji na kuwapeleka magharibi, katika ardhi ya Poland waliyokuwa wameinyakua. Vita vilipokwisha baadhi walifanikiwa kupenya hadi Uswidi. Wengine walikamatwa na Wasovieti na kupelekwa kwenye kambi za kazi katika misitu ya Komi, kaskazini mwa Urusi, kukata magogo kwenye theluji. Kosa lao? Walichukuliwa na adui. Kuanzia 1947 walionusurika waliruhusiwa kuondoka, na baadhi yao wakafanya kile ambacho watu wa kijiji hiki wamekuwa wakifanya: wakarudi Dnipro. Wakakuta nyumba zao zina watu wengine.

Hao watu wengine nao hawakuwa na raha. Mwaka 1951 Usovieti na Poland walibadilishana vipande vya ardhi mpakani, na maelfu ya Waboyko, Waukraine wa milimani, wakapakiwa kwenye treni na kuletwa kwenye nyika za kusini. Baadhi yao waliletwa Zmiivka. Kwa hiyo fikiria foleni ya dukani katika kijiji kile miaka ya 1950: Mswidi aliyetoka Komi, Mboyko anayelilia milima yake, Mukraine aliyeponea njaa, na mtu wa damu ya Kijerumani anayefunga mdomo wake. Wote walihamishwa na mtu aliyekuwa na kalamu na ramani.

Miaka hiyohiyo, hata mto ulihamishwa. Bwawa la Kakhovka lilikamilika mwaka 1956, na maji yakapanda nyuma yake mpaka yakafanya ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Visiwa, matete, mierebi na vidimbwi vyote vikazama. Ziwa lilileta umeme na maji ya kumwagilia mashamba, hilo haliwezi kukanwa. Lakini ile bondeni ambako vizazi vilivua ikabaki kwenye kumbukumbu tu. Na kijiji cha Waswidi kikapoteza hata jina. Kwenye karatasi za serikali kikaitwa Verbivka, kutokana na verba, neno la Kiukraine la mti wa mwerebi, kisha kikamezwa na Zmiivka. Kanisa la 1885 likafungwa, mnara ukaondolewa, jengo likawa ukumbi wa burudani na ghala.

Usovieti ulipodhoofika, kanisa lilifufuliwa, ingawa sasa likawa la Waorthodoksi, kwa kuwa ndio wengi. Wageni kutoka Uswidi wakaanza kuja, na watafiti wakakaa na bibi wachache waliobaki wakizungumza lahaja ya Dagö, wakiandika kila neno kabla halijazikwa. Mwaka 2008 Mfalme Carl XVI Gustaf na Malkia Silvia walizuru kijiji. Mfalme wa Uswidi alisalimiana kwa Kiswidi na wanakijiji ambao mababu zao waliondolewa Dagö na malkia wa Urusi.

Februari 2022 majeshi ya Urusi yalivamia, na kijiji kikawa chini yao kwa miezi kadhaa. Novemba 2022 Waukraine waliukomboa ukingo wa kulia wa Dnipro, pamoja na mji wa Kherson. Ukingo wa kushoto ukabaki mikononi mwa Warusi. Basi mto uliokuwa chakula ukawa mstari wa vita, na makombora yakaanza kuvuka. Wengi wakakimbia. Baadhi walipokewa Uswidi, katika vile vituo ambavyo wajukuu wa wahamiaji wa 1929 walivifungua mikono: binamu wa mbali akimpokea binamu ambaye nyanya yake alirudi 1931.

Juni 6, 2023, bwawa la Kakhovka lililipuka likiwa chini ya majeshi ya Urusi. Chini ya bwawa, maji yalifunika nyumba na kuua watu. Juu ya bwawa, upande wa Zmiivka, kilitokea kinyume: ziwa liliondoka. Kwa siku chache maji ambayo vizazi viwili au vitatu viliyaona kila asubuhi yalikauka, visima vikaathirika, samaki wakaoza kwenye matope.

Wataalamu wengi walisema pale pangekuwa jangwa la mchanga na vumbi. Haikuwa hivyo. Kwenye matope yale mbegu zilishika, na ndani ya mwaka mmoja sehemu kubwa ya sakafu ya ziwa ilikuwa msitu mchanga wa miti inayopita urefu wa mtu. Mwingi wa msitu huo ni mierebi, miti ileile ya visiwa vilivyozamishwa, ileile iliyokipa kijiji jina ambalo hakuna aliyelitumia sana.

Waukraine sasa wanabishana: bwawa lijengwe upya, au bonde liachwe? Ni mjadala mgumu, maana kuna mashamba yanayohitaji maji na miji inayohitaji umeme. Lakini safari hii ningependa jambo moja libadilike. Kabla mtu yeyote hajachora mstari mpya kwenye ramani, aende kwanza Zmiivka, apite makaburini ambako majina ya Kiswidi yako karibu na ya Kijerumani na ya Kiukraine, amtafute mtu aliyebaki, na amuulize lile swali ambalo malkia, kabaila na makamishna hawakuwahi kuliuliza na kusubiri jibu: kwenu ni wapi, na ungependa pawe vipi?